Hedifoni ya Bei ya Nyumba

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa katika mkutano wa mwisho wa wanafunzi wa zamani, nalo ni zawadi ya chumba cha muziki. Kama wengi mjuavyo, fedha zimekwisha changwa, na lililobaki ni kuamua zinunue nini. Mwenzetu mmoja, mtu mkunjufu na mpenzi mkubwa wa muziki, alitoa shauri kwamba shule inunuliwe hedifoni moja ya fahari, ya dola 4,000 hivi, ili vijana wapate kusikia muziki kama ulivyo hasa. Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga, na ningependa kueleza sababu, maana siku ile muda ulikuwa umekwisha na wapishi walikuwa wakitutazama kwa macho makali.

Dola 4,000 ni kama shilingi milioni kumi na nne za Uganda. Nasema mapema, ili msomaji asipoteze muda wake kunikisia, kwamba naona bei hiyo haifai kulipwa na shule, na kwamba hata tajiri anayeilipa aghalabu halipii kile anachodhani analipia.

Mimi ni fundi wa redio. Hedifoni zilizopita mezani pangu, za rahisi na za ghali, hazina hesabu. Ukizifungua, karibu zote zina vitu vitatu: sumaku, koili ya waya mwembamba kama unywele, na utando mwepesi. Umeme wa muziki ukipita katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma, utando hutikisika, na hewa iliyo kati ya utando na sikio hutikisika nao. Basi. Ya dola 10 yafanya kazi hivyo, na ya dola 4,000 yafanya hivyo hivyo. Zipo za namna nyingine, zisizo na koili, ambazo utando wake ni mwembamba mno na umewekwa kati ya mabamba mawili yenye umeme wa volti nyingi. Kampuni ya Stax ya Japani ilianza kuziuza mwaka 1960, na matajiri wengi wa muziki huzipenda kuliko zote.

Chombo hiki hakikuzaliwa katika nyumba ya fahari. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa Utah katika Marekani, alikuwa akitengeneza hedifoni zake jikoni mwa nyumba yake. Alizipeleka kwa Jeshi la Maji la Marekani, wakazijaribu, wakaona zasikika vizuri kuliko zao, wakamwagiza alete nyingine. Mwaka 1937 Wajerumani wa kampuni ya Beyer, mjini Berlin, walitoa hedifoni yao iitwayo DT 48. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee alitoa hedifoni ya stirio ya kusikilizia muziki nyumbani, na mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, nyepesi, iliyokuja kujulikana kwa sponji zake za njano na kuuzwa kwa mamilioni. Katika miaka yote hiyo hedifoni ilikuwa kitu cha kazi na cha starehe ya kadiri. Ilikuwa ya mpokea simu za upepo merikebuni, na ya kijana asiyetaka kuwaamsha wazazi wake usiku.

Kampuni hiyo hiyo ya Sennheiser ndiyo iliyokuja kufungua mlango mwingine. Mwaka 1991 ilitoa hedifoni iliyoitwa Orpheus, pamoja na mashine yake ya kuikuzia sauti, na zilitengenezwa seti zipatazo 300 tu. Kisha mwaka 2015 ikatangaza mrithi wake, HE 1, ambaye bei yake ilikuwa kama dola 55,000. Hizo ni kama shilingi milioni mia mbili. Kwa fedha hizo mtu hapa kwetu hununua kiwanja, akajenga nyumba, akahamia.

Sina chuki na chombo hicho. Fundi huwaheshimu mafundi, na waliounda HE 1 ni mafundi kweli kweli. Ina sehemu zaidi ya 6,000. Utando wake una unene wa maikromita 2.4, nao umepakwa platini. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko utando huo mara ishirini na zaidi. Mashine yake imewekwa katika jiwe la marumaru litokalo Carrara, Italia, mahali pale pale alipochukua mawe Michelangelo kuchongea sanamu zake. Ukiiwasha, valvu nane za kioo, kama zile za redio za wazee wetu, huinuka polepole kutoka ndani ya jiwe na kuanza kuwaka. Ningepewa nafasi ya kuifungua kwa bisibisi yangu ningefurahi mwezi mzima. Lakini kufurahia kazi ya mtu ni jambo moja, na kusema kwamba kazi hiyo yasikika masikioni ni jambo jingine.

Hebu tutazame fedha zanunua nini. Yule anayesema kwamba hedifoni zote ni sawa hajui asemalo. Chukua zile ndogo zinazouzwa barabarani Kampala karibu na vituo vya teksi, zilizofungwa katika karatasi ya nailoni. Besi yake hunguruma kama pipa tupu, maneno ya mwimbaji huzama, na baada ya miezi miwili waya hukatika pale unapoingia katika pini. Sasa vaa hedifoni nzuri ya dola 50 au 100. Hapo hata mtu asiyejua muziki atashtuka. Atasikia vidole vikigusa nyuzi za gitaa, atasikia sauti ya pili katika kwaya ambayo hakujua kwamba imo. Tofauti hiyo ni ya kweli na naitetea mbele ya mtu yeyote.

Kutoka dola 100 hadi 400 utapata jambo zaidi, lakini dogo. Labda sponji laini zaidi, labda waya unaochomoka na kubadilishwa, labda sauti nyembamba za juu zisizochoma sikio. Baada ya hapo mambo hubadilika. Bei hupanda mara kumi, na kile kinachosikika hupanda kidogo sana, au hakipandi kabisa, na wakati mwingine hushuka. Nimewahi kushika za bei ya pikipiki ambazo sauti yake ilikuwa kali na ya ajabu, kama kwamba mwenye kuziunda alitaka tu zisifanane na za wengine.

Msinishike kwa maneno yangu peke yangu. Mwaka 2017 mtaalamu wa sauti aitwaye Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni 283, za bei za kila namna. Alilinganisha bei zake na jinsi kila moja inavyotoa sauti za chini, za kati na za juu, na hakuona uhusiano kati ya mambo hayo mawili. Katika miaka ile ile ya 2010 Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, Marekani, walikuwa wakiwaita watu kusikiliza hedifoni bila kuziona wala kujua ni za nani. Waliona kwamba watu wengi, wenye ujuzi na wasio na ujuzi, hupenda uwiano wa sauti ulio karibu kufanana. Kinachofanya hedifoni ipendwe ni uwiano huo, na uwiano huo waweza kupatikana katika hedifoni ya bei ya wastani kama fundi wake anajua kazi yake.

Najua jibu litakalokuja. Bwana Fulani atasema, "Lakini mimi nimeivaa, na nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe." Simwiti mwongo. Aliivaa akijua bei yake, akiona marumaru, akisikia uzito wake kichwani, na aliyemvisha amesimama pembeni akitabasamu. Macho yake yalikwisha sikiliza kabla ya masikio. Chakula kile kile katika sahani ya kigae na katika sufuria lililoungua hakina ladha moja, nasi sote twalijua hilo tangu siku zetu za bwenini. Mfunge Bwana Fulani kitambaa usoni, umpe hedifoni tatu zenye sauti iliyosawazishwa kwa nguvu moja, kisha umwulize ipi ni ya milioni. Hilo la kusawazisha nguvu ni muhimu, maana yenye sauti kubwa kidogo kuliko nyingine hudhaniwa kuwa bora, na wauzaji walijua siri hiyo zamani.

Lipo pia jambo la sikio lenyewe, na hapa nawaomba wanafunzi wa fizikia wanisaidie. Sikio la kijana mzima husikia mitikisiko kuanzia 20 kwa sekunde hadi 20,000 hivi. HE 1 yaelezwa na waliounda kwamba yatoa kuanzia 8 hadi zaidi ya 100,000. Popo angefurahi. Binadamu hawezi kuisikia sehemu hiyo ya juu, hata akiwa na miaka kumi na mitano. Na kadiri umri unavyoendelea, mpaka wa juu hushuka. Mtu wa miaka hamsini na kitu aghalabu hasikii tena mitikisiko 15,000. Basi tazama kichekesho kilichomo: mwenye fedha za kununua chombo hicho kwa kawaida ni mzee, na mwenye masikio ya kukisikia ni mvulana wa kidato cha pili asiye na hata nauli ya kwenda kwao.

Na huo muziki wenyewe ulitengenezwa kwa vyombo gani? Mwaka 1991, mwaka ule ule wa Orpheus, kampuni ya Sony ilitoa hedifoni iitwayo MDR-7506. Haina marumaru. Ni ya plastiki nyeusi, waya wake umejikunja kama wa simu ya zamani, na sponji zake huchubuka baada ya miaka michache. Bei yake ni kama dola 100, na hata leo yauzwa, nayo yatumika katika studio na vituo vya redio vya nchi nyingi. Nyimbo nyingi ambazo mtu atazisikiliza katika hedifoni ya dola 4,000 zilipimwa na waliozirekodi kwa hedifoni kama hiyo. Atasikia nini zaidi, ambacho hata aliyerekodi hakukisikia? Pengine kiti kikilia studioni. Tena wengi wetu hucheza nyimbo kutoka simuni, nyimbo zilizotumwa kutoka simu hii hadi ile na kubanwa kila mara mpaka zimebaki mifupa. Nyimbo hizo ukizisikiliza kwa hedifoni bora sana utakachokisikia vizuri zaidi ni ubovu wake.

Nisipozitaja zile zilizopambwa kwa vito nitakuwa nimeacha sehemu ya kuchekesha. Kampuni ya Focal ya Ufaransa, ambayo ilianza kuuza hedifoni yake iitwayo Utopia mwaka 2016 kwa dola 4,000 hivi, ilishirikiana na sonara wa nchi hiyo, Tournaire, kuunda moja ya dhahabu na almasi, kwa bei ya kama dola 120,000. Dhahabu haina sauti. Almasi haina sauti. Walakini hiyo naiona ina ukweli kuliko nyingine nyingi, maana hakuna anayedanganywa: ni kipuli cha sikio, kikubwa kidogo.

Sasa, mtu akitaka kutumia mali yake kwa hedifoni, mimi nani wa kumzuia? Wengine hununua saa zisizoonyesha wakati bora kuliko saa ya simu, wengine hununua magari yanayokimbia mara tatu ya mwendo unaoruhusiwa barabarani. Nakubali pia kwamba mafundi wanaopewa fedha bila mipaka hugundua mambo ambayo baadaye hushuka hadi kwetu. Hedifoni zenye utando mpana kati ya safu za sumaku, ambazo zamani zilikuwa za wachache, leo zapatikana kwa dola mia na kitu. Haya yote ni kweli. Lakini hoja iliyo mbele yetu si ya tajiri na mali yake. Ni ya fedha zilizochangwa na watu, wengine wao waalimu wa shule za msingi, kwa ajili ya wavulana mia kadhaa.

Hedifoni moja kwa wavulana mia kadhaa itakuwaje? Mimi nilisoma hapo, najua. Wiki ya kwanza itapigwa picha. Wiki ya pili itafungiwa katika kabati la ofisi, na ufunguo utakaa kwa mtu mmoja ambaye siku ya Jumamosi hayupo. Itatolewa akija mgeni. Na siku mvulana mmoja atakapoiangusha, atapewa adhabu ambayo hakuna muziki unaoistahili, kisha tutaambiwa kwamba sehemu ya kuitengeneza haipatikani ila Ulaya.

Kwa fedha hizo hizo twaweza kununua hedifoni thelathini za dola 100 kila moja, imara, za aina ambayo sponji na waya wake hubadilishwa, na zikabaki dola 1,000 za vipuri na za kigawanyio cha sauti ili darasa zima lisikilize wimbo mmoja kwa pamoja. Mwalimu aseme, "Sikilizeni zeze linaingia wapi," na vijana thelathini walisikie kwa dakika ile ile. Darasa la lugha lizitumie asubuhi. Kwaya izitumie jioni kusikiliza mazoezi yao wenyewe, jambo ambalo huwafunza waimbaji kuliko maneno ya mwalimu, maana hakuna anayependa kusikia jinsi alivyopanda juu kuliko wenzake.

Nashauri ziwe za namna iliyofunikwa nyuma, ingawa wapenzi wa muziki husifu zilizo wazi. Sababu yake si sauti tu. Chumba cha muziki kipo karibu na uwanja wa mpira, na kijana akisikia kelele za nje huongeza sauti. Hapa ndipo mahali ambapo sina mzaha. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba vijana zaidi ya bilioni moja duniani wamo katika hatari ya kuharibu masikio yao kwa kusikiliza sauti kubwa mno. Kipimo lilichokitoa mwaka 2019 pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Kila desibeli tatu zinazoongezwa hupunguza muda huo kwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Ukifika 90 zimebaki saa 4 tu kwa juma zima, na kwenye 100 hesabu ni ya dakika. Ndani ya kila sikio mna seli zenye vinywele zipatazo 15,000, tulizozaliwa nazo, na zikifa hazioti tena. Hedifoni ya dola 55,000 huziua sawasawa na ile ya kituo cha teksi.

Nimekutana na vijana wa miaka ishirini wanaoniletea hedifoni nizitengeneze kwa kuwa "upande wa kushoto umefifia." Nazipima, pande zote mbili ni nzima. Nawaambia wageuze, wavae ya kulia kushoto. Bado kushoto kumefifia. Hapo hunyamaza, nami sina risasi ya kulehemu kitu kile.

Kwa hiyo naomba kamati izingatie haya kabla ya mkutano wa Desemba: hedifoni thelathini, za kufunikwa nyuma, za waya na si za betri, maana betri hufa baada ya miaka michache na kuzibadilisha ni taabu, kigawanyio chenye kikomo cha sauti ambacho mwanafunzi hawezi kukizungusha, na sanduku la sponji na pini za akiba. Rafiki yetu aliyetoa shauri la kwanza nimekwisha mwandikia. Naye amenijibu kwa upole kwamba hakubaliani nami, lakini yu tayari kufungwa kitambaa usoni mbele ya wanachama, na kuleta hedifoni yake mwenyewe. Mimi nitaleta mbili zangu, mita ya kusawazishia nguvu, na chuma changu cha kulehemu kwa yeyote mwenye waya uliokatika. Kitambaa kiletwe na mtu mwingine, asije akasema langu linaonyesha.